Ukiniona Napiga Makofi

Poni wangu,

Sanduku lako umelifunga mwenyewe, tena vizuri kuliko ambavyo ningelifunga mimi, kwa hiyo mambo ya nguo na sabuni siyasemi. Wala sikuambii ule nini huko Arua, maana Arua kuna chakula kuliko huku Ludara. Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na shangazi yako hajui kumwacha mtu aondoke kabla hajamlisha mara mbili, basi nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Mwandiko wangu unaujua. Nilisoma madarasa machache tu upande wa Congo, wakati tuko wakimbizi, na mwalimu wetu alikuwa anafundisha kwa Kiswahili na kuchapa kwa Kiswahili, ndiyo maana barua yoyote inanitoka kwa lugha hiyo. Vumilia makosa.

Kwanza nikutue mzigo. Najua.

Abdala, dereva wa lori la muungano wa wakulima, alikuja kupakia muhogo siku ile ulipokwenda Koboko kupiga picha za kitambulisho chako cha kazi. Akakaa kwenye kibao changu mlangoni pa stoo yetu ya muhogo, akanywa chai yangu, akaniambia, "Mama Poni, wewe mwanamke ngumu. Mutoto yako ndio atafunga hii stoo, na wewe iko unacheka tu." Alidhani umeshaniambia. Basi nikacheka zaidi na kumwongezea sukari, na yeye akaendelea kusema, akiamini kwamba ananikumbusha. Kwamba muungano unajenga kiwanda kimoja Manibe, chenye mashine ya kukausha. Kwamba malori yatachukua muhogo mbichi moja kwa moja shambani. Kwamba stoo zote ndogo zitafungwa, na mtu aliyeajiriwa kuufanya mpango huo utembee ni wewe. Kwamba Ludara ni ya kwanza.

Ndipo nikaielewa ile gomesi, lile vazi la sherehe uliloniletea. Tangu Jumapili nilikuwa najiuliza, huyu mtoto ambaye hajapokea mshahara hata mmoja, kwa nini ananinunulia gomesi ya kitambaa kile? Nimewahi kuona ng'ombe akioshwa hivyo, siku moja kabla ya soko.

Usilie. Sikuandikii ili unionee huruma, wala uache kazi. Mpango wenu ni mzuri. Nimeutafuta ubaya wake siku hizi zote, nikiwa jikoni, nikiwa shambani, sijaupata. Mvua ikishika wiki nzima, muhogo kwenye vichanja vyangu unaota ukungu, na mashine haijali mvua. Mimi nataka kukusimulia mpango mwingine ambao nao ulikuwa mzuri. Niliuleta mimi hapa, na mimi ndiye niliyeufanya ukafanyika. Habari yake unaijua juu juu, kama watu wote wa hapa. Ulikuwa mdogo. Ulikuwepo, na ulicheka.

Unalikumbuka jiwe la mama Kiden? Lile pana, jeusi, chini ya njia ya kisimani, lililokuwa linashika joto mpaka jua limezama. Leo lina majani pembeni, lakini wakati ule lilikuwa kama soko. Ukoo wenye jiwe zuri la kuanikia ulikuwa na heshima yake, na wasio na jiwe walianika kwa wenzao. Hakuna aliyelipa chochote. Ila ukimaliza kuzoa muhogo wako uliokauka, uliacha beseni dogo la muhogo pembeni ya jiwe. Humwiti mwenye jiwe, humwambii, unaacha na kwenda zako. Mama Kiden alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee alivuka kwenda Sudan akapotelea huko. Shamba lake lilikuwa dogo kama mkeka. Huyo mama alikula pembeni ya jiwe lake, Poni. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema, kwa sababu ungesema tu, angekuwa ombaomba. Bila kusema, alikuwa mwenye jiwe.

Sasa mnunuzi wa Arua alikuwa analalamika. Muhogo wetu una mchanga, una kinyesi cha mbuzi, unga wake unakwaruza meno. Wanawake wa kikundi wakanichagua mimi, mwenyekiti wao, niende Ediofe, kwenye ukumbi karibu na kanisa kubwa, nikafundishwe namna ya kurekebisha. Nilikuwa sijawahi kukaa kwenye kiti kilichovalishwa kitambaa. Tulipewa chai ya maziwa na sambusa. Kijana wa mradi alikuwa mpole, hana dharau hata kidogo, akachora kwenye karatasi kubwa ukutani: shamba, mshale, kichanja, mshale, gunia, mshale, lori. Vichanja vya miti, virefu, vimetandikwa turubai, mbuzi hafiki, mchanga haufiki. Ilikuwa kweli kabisa. Hata mimi niliona ni kweli.

Akauliza, kuna shida yoyote mnayoiona? Akauliza tena, akatuangalia mmoja mmoja. Mimi nikaangalia ile karatasi na nikaona kwamba jiwe halipo. Shamba lipo, lori lipo, jiwe la mama Kiden halipo. Nilikuwa na neno mdomoni. Lakini mbele yangu wamekaa wanawake wa mjini wenye simu kubwa, na mimi nisimame niseme nini, jiwe? Beseni? Nikanywa chai yangu. Alipomaliza tukapiga makofi, na mimi nikapiga.

Nikarudi nayo Ludara hivyo hivyo, makofi na yote. Nikawaita wanawake, nikasimama, nikaeleza mishale. Unajua mambo ya hapa kwetu. Mtu aliyekwenda mbali akarudi na maneno, hatumkatai usoni, ni kumvua nguo mbele ya watu. Wakanipigia makofi wote. Aliyepiga kuliko wote ni mama Kiden. Alipiga mpaka watu wakageuka kumtazama. Nami kwa ujinga wangu nikasema moyoni, huyu ndiye ameelewa.

Fundi akajenga vichanja. Vikakaa pale kama makaburi ya watu tusiowajua. Mbuzi walilala chini yake wakapata kivuli. Jirani yetu akaanikia nepi. Muhogo uliendelea kwenda kwenye mawe. Kichanja kimoja kikapotea kabisa, halafu nikaenda kwenye matanga ng'ambo ya kijito, nikakaa kando ya moto na wenzangu, nikaitambua miti yangu inawaka. Nilikuwa naota moto wa mpango wangu mwenyewe, na mwanamke mmoja akanisogezea pombe ya kwete akaniambia, "Karibu, mwenyekiti, jipashe." Wakacheka chini chini. Nikanywa.

Mimi nikafanya kile anachofanya kila mtu aliyepewa ukubwa na hajui afanye nini nao. Nikapiga kelele. Nikaitisha mikutano, nikawaambia ni wavivu, wanapenda uchafu, hawataki maendeleo. Walikuja kwenye kila mkutano. Walipiga makofi kwenye kila mkutano.

Halafu mnunuzi mwenyewe akaja na lori. Akasema, mbele ya wote, kwamba akikuta mchanga tena anahamia upande wa Congo na hatarudi. Alisema polepole, huku anafuta kofia yake. Nikaona nisipofanya kitu siku hiyo, kikundi kimekufa. Nikasimama kwenye mlango wa stoo nikakunja mkono wa nguo. Gunia la kwanza lilikuwa la mama Kiden. Alikuwa amelibeba kichwani tangu kwake, mzee yule. Nikaingiza mkono, nikatoa kipande, nikakigeuza, mchanga. Nikalichukua gunia lote nikalimwaga chini, kwenye vumbi, nikasema, "Hii ya kuku."

Watu wakacheka. Ulikuwa umeshika nguo yangu kwa nyuma, na nilisikia kicheko chako, chembamba, juu ya vile vingine. Ulikuwa mtoto. Unacheka mama yako akichekesha.

Gunia lililofuata lilikuwa la mke wa mwenyekiti wa LC, mkubwa wa kijiji. Nikaingiza mkono. Mchanga ule ule. Nikakifuta kipande kwenye gomesi yangu, nikakirudisha, nikasema, pitisha. Kila mtu aliona. Mnunuzi aliona, akaangalia pembeni.

Mama Kiden hakwenda. Alipiga magoti, akaanza kuokota kipande kimoja kimoja, anapuliza, anarudisha kwenye gunia. Watu waliokuwa wamebeba mizigo yao walikuwa wanamruka. Alipofika karibu na miguu yangu akaniambia, si kwa hasira, kama anayenieleza njia, "Mimi nilipiga makofi sababu wewe iko mutoto yangu. Sikutaka upate haya mbele ya watu."

Niliendelea kupima magunia.

Wiki hiyo hiyo vichanja vilijaa. Huwezi kuamini. Waligombania nafasi. Kijana wa mradi akaja akapiga picha, nami nimo kwenye picha hiyo, nimesimama katikati kama bibi harusi. Mpango ulikuwa unatembea. Mtu angeniuliza siku hiyo ningemwambia, watu wa hapa ukiwabembeleza hawasikii, mwage mmoja tu.

Halafu lori likarudi kutoka Arua likiwa na mzigo wetu wote. Halikuuzwa hata gunia. Abdala ndiye aliyekuja nalo, akiwa kijana bado, akaingiza mti kwenye gunia moja akanionyesha. Juu muhogo mweupe, safi, wa kwenye kichanja. Chini mchanga mtupu. Na pale safi ilipoishia, akaweka mkono wangu ndani kupima. Ilinifika kwenye kiwiko. Magunia yote, Poni, kwenye kiwiko. Walikuwa wameangalia mkono wangu unafika wapi wakajaza safi mpaka hapo.

Na haki yao. Mimi siku ile niliwafundisha nini? Sikuwafundisha kwamba mchanga ni mbaya, maana mchanga wa mke wa mwenyekiti niliupitisha. Niliwafundisha kwamba kuna mkono wa mama Poni, na kwamba ubaya ni kuwa mama Kiden. Wakajitahidi wasiwe yeye.

Mnunuzi alitimiza neno lake. Msimu mzima hakuja. Muhogo ulioza, na wachuuzi wa Congo walikuwa wanauchukua kwa bei waliyojipangia wenyewe huku wanatutania. Mwaka ule ndio wewe ulikuwa unauliza kwa nini tunakula mara moja. Nilikwambia ni Kwaresima. Kwaresima ilikuwa imepita zamani.

Katika njaa hiyo ndipo nilipoanza kufanya kile ambacho kijana wa mradi alinifungulia mlango nikifanye pale Ediofe. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, bila karatasi. Sikwenda sebuleni, nilikwenda jikoni, nikashika kisu nikamenya na mwenye jiko, maana mtu anayemenya hakuangalii usoni na ndipo anasema. Nikauliza neno moja, "Kichanja kinakushinda wapi?" Wakaniambia. Fundi alikuwa mrefu, alivijenga kwa kimo chake, wanawake wafupi hawafiki katikati. Wenye mimba hawawezi kunyoosha mikono hivyo. Viko mbali na maji, na kipande kikianguka ukataka kukiosha unatembea. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba hataki maendeleo. Tukaikata ile miguu ya vichanja kwa msumeno. Kazi ya asubuhi moja, Poni. Asubuhi moja, na mimi nilikuwa nimepiga kelele msimu mzima.

Tena vichanja vilikuwa vya kikundi, na kitu cha kikundi hakifagiwi na mtu. Nikakipa kila kichanja wenyewe, wawili wawili, na nikachagua wawili wasiosalimiana. Hilo nililitoa kichwani mwangu, sikufundishwa. Wale wanaopendana wanasameheana mchanga. Wale wasiopendana, mmoja akiacha punje, mwenzake anakuja kuniambia kabla sijanawa uso. Mpaka leo wako hivyo na muhogo wao ni wa kwanza. Na siku mnunuzi aliporudi, kwa kubembelezwa, nilimwaga gunia langu mwenyewe kwanza, lote mpaka chini, nikalichambua mbele ya watu. La pili la mke wa mwenyekiti. Alinitukana tusi ambalo siandiki. Akaokota vyake, na safari iliyofuata alileta safi. Kuanzia hapo stoo ikawa stoo.

Hayo yote ningeweza kuyafanya kabla.

Na beseni nililiweka. Mlangoni pa stoo, kila anayepimisha anaacha kidogo, kwa wasio na mtu. Umelipita maisha yako yote na hukuuliza ni la nini. Lakini wakati naliweka, mama Kiden alikuwa ameshaondoka. Muhogo ulipohama jiwe, mabeseni yalikoma siku hiyo hiyo, na nani angemwambia pole, wakati hakuna aliyewahi kusema kwamba anakula pale? Alikwenda Manibe kwa mtoto wa kaka yake, ambaye hakumwita. Walimlaza jikoni na mbuzi. Mvua zilipoanza akafa. Habari ilikuja na lori.

Nilikwenda kuzika. Sikukwenda mikono mitupu, nilibeba unga, mweupe, wa vichanja, mzuri kuliko wote niliowahi kusaga. Yule mtoto wa kaka yake alinipokea kwa adabu, akanipa kiti. Akafungua gunia mbele ya waombolezaji, akachota unga, akauachia upite katikati ya vidole, taratibu. Akasema, "Haina mchanga hata kidogo." Akalifunga, akaliweka ukutani. Wakapika unga mwingine. Nilikaa pale mpaka watu wamekula, na mimi nikapewa, nikala. Wakati naondoka, mtoto mmoja akanikimbilia na gunia langu. Nikalibeba kurudi nalo.

Sasa nikuambie kwa nini nakuumiza na habari hizi kabla hujapanda gari.

Utaumiza watu. Nyinyi mliosoma mna maneno ya kulizungukia hilo, lakini hakuna kazi ya kubadilisha namna watu wanavyofanya ambayo haimnyang'anyi mtu chakula mahali fulani. Namna ya zamani, hata ikiwa mbovu, kuna mtu anakula pembeni yake. Mimi nilimjua wangu na nikanywa chai. Wewe wako huwajui bado, isipokuwa mmoja.

Nilipoambiwa Ludara ni ya kwanza, nilijiuliza usiku na mchana, wameanza na mkubwa au wameanza na mama Kiden? Abdala anasema stoo ya mdogo wake mheshimiwa mbunge ndiyo ya mwisho, na tarehe yake bado haijulikani. Labda ofisi ndiyo iliyopanga hivyo, wakupime kama utaweza kumfungia mama yako. Labda ni wewe uliyepanga, kwa sababu mama hawezi kukutukana mbele ya watu. Sitaki kujua ni ipi. Nataka ujue tu kwamba wale wengine wote wanaangalia gunia la pili. Ukilipitisha lile, watakupigia makofi na watajaza safi mpaka kwenye kiwiko chako, na utatuma picha nzuri ofisini, na siku moja lori litarudi.

Kwa hiyo njoo kabla ya mkutano. Usije na gari la ofisi. Pita mlango wa jikoni, shika kisu, menya na mimi, uniulize, mama, stoo ikifungwa utakula nini? Jibu ninalo. Silo la kuomba kazi wala la kukurudisha nyuma. Lakini sikuandikii hapa, maana nikikupa kwenye karatasi utaona umeshauliza, na hutawauliza wengine. Ukitoka kwangu nenda kwa wale wawili wawili wasiosalimiana. Halafu lile beseni, usiliache nje ya mishale yenu. Lichore. Wakikucheka ofisini, wacheke. Mimi niliogopa kicheko cha wanawake wenye simu, na umesoma hapo juu kilichotoka.

Nasikia mbwa wa shangazi yako anabweka, mnakuja. Nakuwekea barua hii chini ya viatu sandukuni, utaikuta Arua, tusije tukatazamana nayo hapa. Asubuhi nitakusindikiza mpaka kwenye gari na nitacheka na Abdala kama kawaida.

Na kama utakuwa na haraka, ukashindwa kupita jikoni, basi siku hiyo ya mkutano utanikuta. Nitavaa gomesi yako. Nitakaa mbele kabisa. Ukimaliza kusema mimi nitapiga makofi kuliko wote, kwa sababu wewe ni mtoto wangu, na sitaki upate haya mbele ya watu.

Mama yako